Kitufe Hakichori: Dhana Potofu kuhusu Kugeuza Mchoro Ulioskaniwa Kuwa Vekta ya Kibao

Wiki hii pekee wameingia karakanani kwetu, nyuma ya Darajani, wateja watatu wenye neno moja: "Picha ninayo, wewe igeuze tu iwe vekta, si kubonyeza kitufe?" Vekta ni mchoro wa kompyuta uliojengwa kwa mistari badala ya vijiraba vya rangi, na ndio mashine zetu zinaoufuata. Wa kwanza alileta kadi ya biashara iliyokunjika katikati. Wa pili alikuwa na picha ya simu ya kibao cha zamani kilichokwishaliwa na jua. Wa tatu, ustadh wa chuo kimoja cha Kurani cha shamba, alikuja na karatasi ya khati ya Kiarabu nzuri mno, iliyoandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Wote niliwajibu kwa upole, maana mteja ni mgeni. Lakini yapo ambayo upole wa kaunta hauniruhusu kuyaeleza kwa urefu, nayo ndiyo haya.

Kitufe kipo, sikatai. Katika programu za kuchorea, Illustrator inacho, CorelDRAW inacho, na Inkscape, ambayo haiuzwi, hutumia Potrace, programu ya kugeuza picha ya Peter Selinger, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2001. Kinachofanywa na kitufe hicho ni kutafuta mahali weusi unapokutana na weupe, kisha kuuzungushia mpaka huo mstari. Basi. Hakijui kama kilichomo ndani ya mpaka ni herufi, ni tone la chai au ni kivuli cha mkunjo wa karatasi. Ukikipa nembo ya mviringo hakikurudishii mviringo. Hukurudishia umbo lenye vilima na mabonde madogo madogo, kwa sababu wino ulisambaa kwenye karatasi, skena ikausoma hivyo hivyo, na programu ikatii kila ilichosomewa.

Mikunjo tunayochorea, yaani mistari iliyopinda, ile ambayo Pierre Bézier aliieneza katika miaka ya 1960 alipokuwa akibuni bodi za magari katika kiwanda cha Renault, ina uchumi wa ajabu. Duara zima hutosheka na nodi 4 tu, yaani vituo vinne vinavyoushika mstari: juu, chini, kulia na kushoto, na hata duara hilo likiwa na nusu kipenyo cha mita 1, kosa lake halifiki theluthi moja ya milimita. Duara hilo hilo likipitia kwenye kitufe huweza kuja na nodi arobaini au zaidi, na hakuna hata moja iliyokaa mahali ambapo mchoraji angeiweka. Kwenye skrini hutaona tofauti, na hapo ndipo mteja anaponiona mimi mvivu au mlafi wa fedha.

Tofauti huonekana kwenye mashine ya kukatia stika. Mashine hiyo haioni picha. Inafuata njia, kutoka nodi moja hadi nyingine, na kisu chake huburutwa nyuma kidogo ya mhimili kama gurudumu la mbele la toroli, kikijigeuza kila njia inapobadilisha mwelekeo. Mkunjo wenye nodi mbili hukatwa kwa mwendo mmoja laini. Mkunjo wenye nodi thelathini hukatwa kwa kutetemeka, ukingo ukatoka kama meno ya msumeno, na tunapong'oa mabaki, vijimeno hivyo hushikana na mabaki na kuinyanyua herufi nzima. Hata ukifanikiwa kuibandika, kila jino ni mahali ambapo upepo wa bahari na jua la saa saba vitaanzia kuibandua. Nimeshaitwa kurudia kazi za namna hiyo, na mara zote faili lilitoka kwa mtu aliyebonyeza kitufe akaridhika.

Liko na jambo la weupe. Programu nyingi, zisipoambiwa vinginevyo, huufanya weupe wa karatasi nao kuwa umbo, na tundu la herufi "o" likawa kipande cheupe kilicholazwa juu ya kipande cheusi. Kwenye printa hilo halina neno. Kwenye kisu ni balaa, kwani kisu hukata kila ukingo kinachoukuta, wenye kuonekana na uliofichika.

Narudi kwa ustadh na khati yake, kwa sababu hapa Unguja na Pemba ndipo dhana hii inapoumiza zaidi, na mimi mwenyewe imenigharimu. Kitufe huwa na kipimo cha kusafisha uchafu: alama yoyote iliyo ndogo kuliko kiwango ulichoweka hufutwa, ikihesabiwa kuwa vumbi. Sasa nukta ya herufi ya Kiarabu, machoni mwa programu, ina tofauti gani na vumbi? Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilipokea karatasi ya chuo iliyokuwa imechafuka, nikaongeza usafishaji, nikakata, nikapandisha kibao kwa mkono wangu. Aliyeligundua kosa hakuwa mwalimu wala mimi, bali mtoto wa chuo aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kuunganisha herufi: kha imekuwa ha, na "khair" haikuwa khair tena. Kila anayejua alif na be anajua kuwa zay bila nukta ni ra, shin bila nukta ni sin na ghayn bila nukta ni ayn. Irabu ndizo za kwanza kupotea, na zile nukta mbili za te, skani ikiwa hafifu, huungana zikawa kistari kimoja. Kibao kile nilikishusha siku ile ile kabla ya alasiri, na gharama ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo khati siipitishi kwenye kitufe kwa hali yoyote. Naiweka skani chini, naififisha, naichora juu yake kwa mkono, nodi nikiziweka mahali ambapo mkunjo umefika ukomo wake, na nukta nikizitengeneza moja kisha nikizinakili ili zote ziwe na pembe moja. Halafu namwomba aliyeandika, au mtu mwingine anayeisoma vyema, aisome kwa sauti kabla sijakata. Wenzangu wengine husema nachelewesha kazi. Nawaacha waseme. Nembo ya kawaida yenye herufi kadhaa hunichukua chini ya saa moja kuichora upya, na kusafisha uchafu wa kitufe kwenye nembo hiyo hiyo hunichukua zaidi ya hapo, nikiwa na hasira juu yake.

Wapo wanaoamini kuwa picha ikihifadhiwa kama PDF, EPS au SVG imeshakuwa vekta. Haijawa. Mafaili hayo ni makasha. Ukitia JPG ndani yake, kilichomo ni JPG. Njia ya kujua ni rahisi: ikuze mpaka mwisho, na ukiona vijiraba, basi hujaletewa vekta.

Dhana ya kwamba picha inayong'aa kwenye simu inatosha kwa bango naijibu kwa hesabu. Nembo yenye upana wa sentimita 5, ikiskaniwa kwa pikseli 300 (vile vijiraba vya rangi) kwa inchi, hupata pikseli 590 hivi kwa upana wake. Itandaze kwenye bango la mita 3, na kila pikseli itakuwa na upana wa takriban milimita 5, sawa na punje ya kunde. Ongeza na kwamba WhatsApp huibana picha inapotumwa kama picha, na kwamba JPG hubana kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8, na ndiyo maana kingo za herufi huzungukwa na ukungu wa vumbi ambao kitufe hugeuza kuwa mamia ya vipande. Itume kama dokumenti. Bora zaidi, niletee karatasi yenyewe. Ipande daladala, ije. Nitaiskani kwa 600, kwa rangi ya kijivu wala si kwa nyeusi na nyeupe tupu, ili mimi ndiye niamue ukingo uko wapi badala ya skena kuniamulia.

Na wale wanaodhani kuwa namba kubwa zaidi ni bora siku zote, wakaniletea skani ya 2400 ya karatasi ya daftari, wajue kwamba wameniletea nyuzi za karatasi.

Hivi karibuni imezuka dhana mpya, kwamba programu za akili bandia zitainoa picha iliyofifia na kuirudisha kama ilivyokuwa. Zinanoa, ni kweli, ila kwa kubuni. Kwenye picha ya mti hakuna atakayelalamika. Kwenye jina la mtu au namba ya simu, kisichosomeka hugeuzwa kuwa kitu kinachosomeka vizuri ambacho hakikuwepo. Niandikie maneno yote kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, na utakuwa umenisaidia kuliko programu yoyote.

Mwisho ni faili la stika kupelekwa kama lilivyo kwenye mashine ya kuchonga mbao, jambo ambalo wenye nyumba za wageni Mji Mkongwe huliomba sana, wakitaka kibao kifanane na nakshi za mlango wao. Kisu hakina unene wa kuhesabika, lakini ncha ya kuchongea inao: ncha ya duara yenye kipenyo cha milimita 6 huacha kila pembe ya ndani ikiwa na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3, hata uwe umeichora kali namna gani. Ncha yenye umbo la V hupunguza tatizo, kwa vile huinuka taratibu na kuingia pembeni, lakini kwa herufi pana zenye kitako bapa haitoshi. Kazi za namna hiyo mimi huzichora upya kwa kuzingatia ncha, na pembe zinazobaki humpelekea seremala mwenye patasi anayechonga milango, naye huzimaliza kwa asubuhi moja.