Mmumunye: mboga jikoni, kibuyu ukutani

Kila Agosti, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, wanaofika bandani kwetu huulizia zabibu na alizeti. Lakini kuna mzee mmoja aliyevipita vyote hivyo akaenda kusimama mbele ya kibuyu tulichokuwa tumekitundika kama pambo. "Mwanangu," akasema, "mmea huu ninao nyumbani. Umetambaa juu ya ua wa zizi, maua meupe tele, kuzaa hauzai. Wamenirogea?"

Nilimwamkia, nikamvutia kiti, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile.

Mmumunye, ambao wengine huuita mung'unye, ni ndugu wa boga, tango na tikiti maji. Jina la kibuyu, yaani tunda lake likishakauka, huwafanya wengi waufikirie mbuyu, lakini hiyo ni mimea miwili isiyohusiana kabisa. Asili ya mmumunye ni Afrika hii hii. Hata hivyo, mabaki yake yamefukuliwa Amerika kwenye makazi ya watu wa kale, ya takriban miaka 10,000 iliyopita. Inaaminika bahari ndiyo iliyouvusha: kibuyu kikavu huelea, na majaribio yameonyesha kwamba mbegu zilizomo ndani bado huota hata baada ya kukaa majini zaidi ya siku 200.

Ukitaka kuutofautisha na mmea wa boga kabla haujachanua, tazama pale kikonyo kinapokutana na jani: utaona vijipele viwili vidogo. Boga halina. Fikicha jani, litatoa harufu nzito. Maua yake ndiyo yanayoutambulisha kabisa, maana boga huchanua njano asubuhi, nao mmumunye huchanua mweupe jua linapozama, ukiwasubiri nondo.

Hapo ndipo tatizo la mzee wangu lilipoanzia. Mmea mmoja hubeba maua dume na jike mbalimbali, na madume hutangulia. Ua jike utalijua kwa kimumunye kidogo chenye manyoya kilichokaa chini yake. Dume lina kikonyo kitupu. Sasa mmea uliootea pembeni ya zizi unakula mbolea usiku na mchana. Unanenepa majani, unatoa madume, na majike unayachelewesha. Nilimwambia akate ncha ya shina kuu, kwa sababu majike hupenda kutokea kwenye matawi ya pembeni. Yakitokea, jioni achume dume, alivue petali, alipake katikati ya jike. Na mwenye bomba la dawa asipulize saa hizo, maana atawaua nondo wale wale tunaowategemea.

Kupanda si kazi kubwa. Mvua zetu za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na huwa na tabia ya kukatika katikati. Kwa hiyo tumia shimo linaloshika maji, kwa mtindo wa mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji chetu cha huku huku, ila wewe lipanue kidogo. Changanya udongo na samadi iliyooza, loweka mbegu usiku mmoja, weka tatu, kisha bakiza mche mmoja au miwili. Kati ya shimo na shimo acha mita 2. Adui mkubwa ni nzi wa matunda, anayetaga ndani ya tunda changa. Lililotobolewa lichume ulizike kwa kina, usilitupe pembeni ya shamba.

La kula huchumwa changa, ukucha ukiweza kuzama kwenye ganda bila shida. Linakatwa vipande, linaungwa kwa karanga, na majani machanga nayo ni mboga.

Hapa naomba msomaji asinipite haraka. Kabla ya kupika, kata kipande kidogo, gusisha ulimini, kisha teme. Likiwa chungu, tupa lote. Uchungu huo ni wa sumu iitwayo kukabitasini, na moto hauiondoi. Sukari wala chumvi haisaidii. Huleta kutapika na kuharisha, hata damu, na India kuna watu waliokufa baada ya kunywa juisi ya mamumunye machungu. Aina za vibuyu mara nyingi ni chungu, na nondo hajui mipaka ya shamba: mbegu ya mumunye tamu lililopandwa jirani na kibuyu inaweza kukuzalia uchungu mwaka ujao. Chagua moja kwa shamba moja.

Anayetaka chombo aliache tunda mpaka kikonyo kikauke na mbegu zicheze ndani ukilitikisa. Likining'inia kwenye kichanja hutoka na shingo iliyonyooka. Likilala chini hupinda, na ukilifunga kamba likiwa changa litapata kiuno. Toboa, jaza maji, acha nyama ioze, kisha tikisa na kokoto hadi ndani pawe safi. Badilisha maji siku kadhaa mpaka uchungu uishe kabisa, ndipo utie maziwa. Wagogo hukitumia pia kwenye zeze, na mwanamuziki wao, marehemu Hukwe Zawose, alilifikisha zeze hilo kwenye majukwaa ya dunia. Hata lile dumu la plastiki la kunawia mikono chooni tunaliita kibuyu chirizi, ingawa halijawahi kuota popote.

Mzee alitaka chenye shingo ndefu. Nikamfungia mbegu nane kwenye kipande cha gazeti, nikaandika juu kwa kalamu nyekundu: ZA KIBUYU, SI ZA KULA.