Je, wajua? Kuku kipofu hujuaje kwamba siku imerefuka?

Jirani yangu hapa Katuba, Lubumbashi, anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Mmoja alipofushwa na ndui ya kuku. Macho yote mawili yameziba kwa magamba makavu. Mama huyu hakuwa na moyo wa kumchinja, kila siku humshika na kumsogeza penye chakula. Saa kumi alfajiri huwasha taa bandani, maana alifundishwa kwamba kuku wanaopata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku hutaga vizuri. Asubuhi moja aliniita, akaniwekea mkononi yai lingali na joto. "Baba, huyu haoni hata kidogo. Taa anaijuaje?"

Anaijua kwa ubongo wenyewe.

Usiku, zima taa zote, washa tochi ya simu na uizibe kwa kidole. Kidole chote kitawaka wekundu. Mwanga, hasa ule mwekundu, hupenya ngozi, nyama na mfupa. Tulipompekua yule kuku manyoya ya utosini tukaona ngozi nyororo inayokaribia kupitisha nuru, na fuvu lililo chini yake ni jembamba kuliko kidole chako.

Mfaransa Jacques Benoit aligundua jambo hili kwa bata katika miaka ya 1930. Bata madume walioondolewa macho bado walikuza korodani, dalili ya kujiandaa kuzaa, walipoongezewa mwanga. Alipopitisha mwanga kwa kijiti cha kwatsi, jiwe angavu kama kioo, hadi kwenye ubongo, korodani zilikua vilevile. Mwaka 1970 Michael Menaker na wenzake, huko Marekani, walionyesha jambo hilo kwa shomoro wenye macho mazima: waliodungwa wino mweusi chini ya ngozi ya kichwa walibaki na korodani ndogo, ila walionyonyolewa manyoya ya kichwani, chini ya mwanga uleule hafifu, zao zilikua. Kwangu mimi, ule wino ndio ushahidi mtamu kuliko wote. Macho yanaona, lakini utosi umefungwa pazia, basi mwili unadhani siku bado ni fupi.

Kinachopokea mwanga huo ni seli za neva ndani kabisa ya ubongo, katika haipothalamasi, sehemu inayoongoza homoni za mwili. Zina protini ziitwazo opsini, ndugu wa zile zilizomo jichoni. Mojawapo, opsini 5, ilitambuliwa kwenye ubongo wa kware na watafiti wa Japani mwaka 2010.

Sasa, ndege anapimaje urefu wa siku? Ana saa ya mwilini, nayo huanza kuhesabu kunapopambazuka. Zikipita kama saa 12, hufunguka kipindi ambacho ubongo huwa mwepesi kuhisi mwanga. Giza likiwa limeshaingia, hakuna kitu. Mwanga ukiwa bado upo, siku imehesabiwa kuwa ndefu: homoni huamsha homoni nyingine, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hupeleka ujumbe kwenye damu, na mayai huanza kukomaa. Ndiyo maana taa ya alfajiri inasaidia. Inawahisha mapambazuko, na jua la jioni linakikuta kile kipindi kimefunguka.

Lubumbashi siku ndefu kabisa, Desemba, haifiki saa 13. Ya Juni ni kama saa 11 na nusu. Goma, karibu na ikweta, tofauti kati ya siku ndefu na fupi ni kama dakika 12 tu. Usidhani kidogo hicho hakihisiki: mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba ndege mmoja mla wadudu wa msitu wa Panama huanza kujiandaa kuzaa kwa nyongeza ya dakika 17.

Nilimweleza mama kwamba saa za kuwasha zisiyumbe, na siku za umeme kukatika awe na taa ya sola. Taa ining'inie juu ya kuku, iwe safi. Hakungoja nimalize, alishapanda kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafuta vumbi kwa ncha ya kitenge.