Kupima pwani: bildi, pima na Kapteni Owen

Bildi ni kipande cha risasi, kama kilo 3 hadi 6, kilichofungwa kwenye kamba yenye alama. Baharia husimama ubavuni mwa chombo, huitupa mbele, huiacha izame, na kamba ikisimama wima huita kina kwa sauti: pima tano, pima saba. Pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa, toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Waingereza waliifanya futi 6, karibu mita 1.8. Gizani macho hayafai kitu, kwa hiyo alama za kamba hutambuliwa kwa vidole: ngozi yenye vipande viwili kwenye pima ya pili, vitatu kwenye ya tatu, kitambaa kwenye ya tano. Chini ya risasi kuna kishimo kinachojazwa shahamu. Kinachonata humo, mchanga, tope au vipande vya kome, humwambia nahodha kama nanga itashika.

Zamani kazi hiyo, ikirudiwa maelfu ya mara, ndiyo iliyokuwa upimaji wa pwani, au kwa jina la kitaalamu haidrografia. Kuchora huja mwisho kabisa. Kabla yake lazima kila kina kiwe na mahali pake: mtu mwingine mashuani anashika sekstanti, anapima pembe kati ya alama tatu za nchi kavu, kilima, mbuyu, mnara wa msikiti, na kwa pembe hizo anajua mashua iko wapi. Tena kila kina kina saa yake. Mombasa, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mahali penye pima nne maji yakiwa yamekupwa panaweza kuwa na karibu pima sita yakijaa. Kwa hiyo mpimaji hutoa tofauti ya kupwa na kujaa, na ramani huandikwa kana kwamba maji yamekupwa kabisa. Kosa hapo, na meli ya watu inapanda mwamba.

William Fitzwilliam Owen aliishi kwa kazi hii. Alizaliwa Manchester mwaka 1774, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa bado mtoto wa miaka 13. Mwaka 1808 Wafaransa walimkamata wakamweka Mauritius, na huko akakutana na mfungwa mwenzake, Matthew Flinders, aliyekwisha kuizunguka Australia akiipima. Baada ya vita na Wafaransa Owen alipima maziwa makuu ya Kanada. Kisha, mwaka 1822, akatumwa Afrika na meli mbili, Leven na Barracouta.

Safari ilichukua miaka minne, na zaidi ya nusu ya watu waliotoka nao Uingereza walikufa. Hawakuuawa na dhoruba. Meli kubwa haziwezi kupima midomo ya mito, kwa hiyo mashua ndogo ziliingia mikokoni na watu wakalala humohumo. Kwenye ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo leo, homa iliwazoa kwa makundi. Madaktari wa meli walilaumu hewa mbaya ya matope na kuwatoa wagonjwa damu, jambo lililowamaliza upesi zaidi. Kwamba malaria hubebwa na mbu kulithibitishwa miaka ya 1890.

Vitabu hupenda kusema watu hawa walichora pwani "zisizojulikana". Mimi neno hilo hunikera kidogo. Zisizojulikana na nani? Rubani wa Mombasa alijua mlango wa kuingilia, fungu la mchanga la kuepuka na mwezi ambao kusi hufunga bahari; alichokosa ni karatasi. Lile jina Kilindini lenyewe ni kipimo: ni penye kilindi, maji marefu. Mtu alikwishatia bildi pale, akalitangaza jibu kwa kupaita hivyo. Alichofanya Owen ni kuyageuza maarifa ya aina hiyo kuwa tarakimu ambazo nahodha asiyejua neno la Kiswahili angeweza kuzitumia. Hilo si dogo, ila si kugundua.

Na mpima pwani hakuwa mtu wa bildi tu. Mnamo Februari 1824 Leven ilitia nanga Mombasa. Wamazrui waliotawala mji walikuwa wakitishwa na Sayyid Said wa Oman, wakataka bendera ya Uingereza iwakinge. Owen, aliyeuchukia sana utumwa, alikubali bila kungoja ruhusa ya London, kwa sharti la kukomesha biashara ya watumwa. Akamwacha luteni kijana, John James Reitz, asimamie mji, yeye akaendelea na safari. Reitz alikufa kwa homa mwezi Mei mwaka huohuo, baada ya miezi mitatu hivi. Serikali ya London haikuyakubali mapatano, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Majina yakabaki: Port Reitz kusini magharibi mwa kisiwa, na Leven House pale Mji wa Kale, pamoja na ngazi zake zinazoshuka majini.

Owen alipelekwa Fernando Po, Bioko ya leo, kuanzisha kituo cha Waingereza, kisha akahamia Campobello, kisiwa cha New Brunswick, Kanada, kilichokuwa mali ya ukoo wa baba yake. Hata huko hakutulia. Miaka ya 1840, akiwa na umri wa karibu 70, alikuwa tena kazini kwenye ghuba ya Fundy, ambako maji hupanda na kushuka kuliko pengine popote duniani, kupita mita 15 mahali pengine. Kule mashua iliyoachwa majini asubuhi hukutwa mchana imekaa juu ya tope, na kila pima iliyosomwa ilibidi iandikiwe saa yake kwa makini kuliko alivyowahi kufanya Mombasa.