Ndege wa mashamba ya Finland na mitaro inayofukiwa

Wakulima huniuliza ni zao gani linalovuta ndege. Hapa Finland ninakofanyia utafiti, mimi hutazama kwanza jinsi shamba linavyotoa maji.

Mashamba ya nchi hii hayafiki moja ya kumi ya ardhi yake. Kwingine ni misitu na maziwa, kwa hiyo ndege wa uwanda wazi hana pa kuhamia. Kipozamataza wa Ulaya (Alauda arvensis) hukwepa kingo za msitu, maana huko maadui zake huvizia. Huimba akiwa angani, kwa hiyo tawi si shida yake. Shida yake ni chini: shayiri ikirefuka na kushonana, hawezi kupita katikati ya mashina, naye hubaki akitafuta wadudu kwenye njia za matairi ya trekta.

Saxicola rubetra, ndege mdogo mwenye mstari mweupe juu ya jicho, anaishi kwa mitaro. Ukingo wa mtaro haulimwi, na magugu makavu ya mwaka jana husimama hapo hadi masika. Hutua juu ya bua, akakodolea macho nyasi, akashuka ghafla na kurudi palepale na kiwavi mdomoni. Kiota chake kiko chini, kwenye shina la nyasi. Wasomaji wa Uganda na magharibi mwa Tanzania wanaweza kumwona ndege huyuhuyu Desemba, naye bado yuko juu ya bua.

Tangu katikati ya karne iliyopita mitaro mingi imefukiwa na mabomba kuwekwa ardhini. Trekta linapita bila kukatizwa, mkulima anapata ardhi zaidi, na sababu zake nazielewa. Lakini Emberiza hortulana, ndege mwingine wa mashambani anayetaka udongo mtupu wa kulia na kichaka cha kuimbia, amepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1980. Mabomba si sababu pekee, kwani hata safari yake ya kwenda Afrika ina hatari zake. Hata hivyo, mtaro uko mikononi mwetu.

Umoja wa Ulaya ulifuta mwaka 2008 sharti la kupumzisha sehemu ya mashamba, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa pigo. Ruzuku ingeanza kumlipa mkulima anayeacha mtaro wazi, kisha yule asiyelima mabua yake hadi masika. Na kama ni lazima bomba lizikwe, basi ukanda wa nyasi juu yake usikatwe kabla makinda hayajaruka.