Kukinga moto, kukinza moto na kutoungua ni vitu vitatu

Ubao wa singa za mkonge na plastiki ukibandikwa maneno "kinga moto", mnunuzi anasoma "hauungui". Fundi wa dari naye anarudia hivyo hivyo kwa mteja, na mteja anapitisha nyaya za umeme juu yake bila wasiwasi. Kukinza moto, kwa kompositi ya nyuzi asilia, yaani ubao wa singa za mimea zilizoshikwa na plastiki, maana yake ni kuutia ubao dawa ili uchelewe kushika, uwake polepole ukishashika, na ujizime chanzo cha moto kikiondolewa. Maana haiendi mbali zaidi ya hapo.

Tatizo limeanzia kwenye neno lenyewe. Kukinga ni kuweka kitu katikati ili kibaya kisimfikie mtu: ngao inakinga, mwavuli unakinga. Lakini kinga pia ni kijinga cha moto, kile kipande cha ukuni kinachowaka upande mmoja, ndiyo maana wazee wanasema "kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Kukinza ni kitenzi kingine kabisa, ingawa herufi iliyobadilika ni moja. Kukinza ni kupinga, kushindana na kitu kinachokusukuma. Wanafunzi wa fizikia wanalijua kupitia ukinzani: waya wenye ukinzani haukatazi umeme kupita, unaupa kazi ngumu. Singa iliyotiwa dawa inafanya hivyo kwa moto. Inashindana nao, na moto ukiwa mkubwa wa kutosha, singa inashindwa.

Anayeishi Dodoma ana mfano mzuri karibu. Tembe ya Wagogo ina paa bapa la miti na fito, na juu yake udongo mzito. Cheche ikiangukia juu ya paa hilo inafia kwenye udongo. Miti iliyo chini haijabadilika hata kidogo. Ukiichomoa na kuipeleka jikoni itawaka kama kuni nyingine. Udongo umeikinga. Rangi zinazovimba zikipata joto na kufanya povu juu ya ubao zinafanya kazi ya udongo wa tembe. Udongo wenyewe, kama jiwe, hauungui. Kipimo cha ISO 1182, cha kujua kama kitu hakiungui, huingiza sampuli kwenye tanuri la nyuzijoto 750, na ubao wenye singa na plastiki haupiti hapo hata uutie dawa gani, kwa sababu mwili wake kwa sehemu kubwa ni kaboni iliyofungwa na hidrojeni na oksijeni.

Kiswahili kinatusaidia zaidi ya tunavyokitumia, maana kinatenganisha kuungua na kuwaka. Singa kwa sehemu kubwa ni selulosi, pamoja na hemiselulosi na lignini, vitu vinavyojenga mwili wa mimea. Hemiselulosi huanza kuvunjika kwenye nyuzijoto 200 hivi, selulosi kati ya 260 na 350. Zikivunjika zinatoa gesi, na mwali unaouona ni gesi hiyo inayowaka. Mchoma mkaa anafunika magogo kwa nyasi na udongo ili yaungue bila kuwaka: ule moshi mzito unaotoka kwenye matundu ni moto uliokosa hewa, na kinachobaki ndani ni mkaa. Chumvi za fosfeti, ambazo ndizo dawa yenyewe, zinaisukuma singa nzima kuelekea huko huko, bila kuhitaji udongo. Zikipata joto zinatoa asidi, asidi inainyang'anya selulosi maji yake, na kaboni nyingi inabaki kuwa mkaa badala ya kutoka kama gesi. Ujuzi huu ni wa zamani. Mwaka 1821 mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac alieleza namna ya kutibu vitambaa vya kitani na juti kwa fosfeti ya amonia na boraksi.

Kwa karakana ndogo, chumvi iliyo rahisi kupatikana ni fosfeti ya diamonia, DAP ya wakulima. Ya mbolea ina uchafu usioyeyuka, kwa hiyo chuja kwa kitambaa. Fuwele nyeupe za maabara ni bora. Yeyusha gramu 100 kwa kila lita moja ya maji, loweka singa zilizooshwa kwa saa moja, kamua, anika kivulini, kisha kausha kwenye oveni ya nyuzijoto 80 hadi uzito usishuke tena. Pima kabla na baada. Kilo moja ya singa kavu irudi na uzito wa kilo 1.1 au zaidi kidogo. Isipofika, rudia kuloweka.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Singa zilizotibiwa kwanza kwa kostiki soda na zisisuuzwe vizuri zitakupiga puani kwa harufu kali ya amonia mara tu zikiingia kwenye DAP. Dawa inaharibika mbele ya macho yako. Singa zenye unyevu zikiingia kwenye resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda na kuzishika, zinaacha mapovu. DAP huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo dari chini ya bati linalovuja itatoa unga mweupe masika yote, na baada ya hapo ubao unarudi kuwa kuni. Tena ukibana ubao kwa joto la nyuzi 180 ili kuyeyusha plastiki ya polipropilini, ile asidi inaanza kazi mapema: singa zinageuka kahawia na kukatika kama nyasi kavu. DAP inafaa zaidi kwa resini ya poliesta inayokauka bila joto kubwa.

Kutibu singa peke yake hakutoshi pia. Plastiki inayozishika inawaka kwa nguvu zake yenyewe, na singa zinaweza kuipandisha ikiwa imeyeyuka, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta. Poliesta huongezewa haidroksidi ya alumini, ambayo kuanzia nyuzijoto 200 hivi inatoa maji yapatayo asilimia 34 ya uzito wake na kupoza mwali. Lakini inatakiwa nyingi, sehemu 100 au zaidi kwa sehemu 100 za resini, na resini inakuwa nzito kama uji wa mtama hadi haiingii katikati ya singa. Ubao unakinza moto na unavunjika kwa goti. Kwenye polipropilini tumia haidroksidi ya magnesi, inayovumilia hadi nyuzi 300 hivi.

Halafu kuna namba. Alama ya V-0 ya UL 94, kipimo cha jinsi plastiki inavyowaka, ina maana kwamba kipande kilichosimamishwa wima kilichomwa sekunde 10, mara mbili, kikazimika ndani ya sekunde 10 kila mara, bila kudondosha matone ya kuwasha pamba iliyo chini. Inahusu unene uliopimwa tu. V-0 ya milimita 3 haisemi lolote kuhusu ubao wa milimita 1.6. "Dakika 60" ni jambo lingine tena: hapo kinachopimwa ni mlango au ukuta mzima kwenye tanuri la ISO 834, ambalo saa moja ikitimia linakuwa limefika nyuzi 945. Hilo tuliite ustahimilivu wa moto, na lisiandikwe kwenye kibandiko cha ubao mmoja mmoja.

Kwa hiyo anayeuza ubao wa singa anaweza kuandika "unakinza moto, V-0 kwa milimita 3, usiloweshwe", na fundi akiulizwa kama unaungua, ajibu: ndiyo, unaungua, ila polepole, na ukiuondolea moto unazimika.