Ufasaha ni maziwa yaliyotolewa povu

Katika mafunzo tunayotoa kwa watangazaji na walimu hapa Lubumbashi, swali moja halikosi kurudi: "Miye nasemaka Swahili ya Lubumbashi. Naweza kuitwa fasaha?" Ndiyo, na ushahidi umo ndani ya neno lenyewe.

Fasaha ni neno lililotoka kwenye Kiarabu. Katika kamusi za zamani za lugha hiyo, mzizi wake ulitumika hata kwa maziwa: povu likiondoka juu, yakabaki maziwa matupu, basi yamekuwa "fasihi". Alfajiri ikipambazuka, nayo ilisemwa kwa mzizi huohuo. Mtu fasaha, basi, ni yule ambaye maneno yake hayana povu. Neno fasihi tunalolijua shuleni ni ndugu yake wa tumbo moja. Tafsiri, ingawa linafanana naye kwa sauti, ni la ukoo mwingine.

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Musa alivyomwambia Mungu, katika Kutoka 4, kwamba ulimi wake ni mzito. Katika Kurani, sura ya 28, anaomba apewe Haruni kwa kuwa ni fasaha zaidi yake. Alichotafuta Musa ni mtu wa kufikisha ujumbe ueleweke. Kwa hiyo kusema haraka si ufasaha, na kusema sana ndiyo kabisa si ufasaha: huko ni kupayuka.

Kutumia neno hili si kazi ngumu. Halibadiliki kufuata ngeli: msemaji fasaha, wasemaji fasaha, lugha fasaha. Sifa yenyewe ni ufasaha, na mtu husema kwa ufasaha.

Penye ugumu ni hapa kwetu, kwa kuwa tumezoea kuchanganya ufasaha na kile tunachokiita Swahili bora, yaani Kiswahili cha vitabu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kufuatana na mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati iliyoanza kazi 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Wakati huo mji wetu, ulioanzishwa 1910, ulikuwa tayari na Kiswahili chake, kilichokomaa katika kambi za wafanyakazi wa migodi waliotoka Kasai, Rwanda na ng'ambo ya mpaka wa kusini. Usanifu tujifunze, nami naufundisha kwa moyo wote, maana unatufungulia mlango wa kusomana na Dar es Salaam na Nairobi. Lakini ni kipimo cha namna ya lugha. Ufasaha unampima msemaji.

Niliwahi kukaa kwenye kilio huko Katuba, mtaa mmoja wa mji huu. Ndugu walikuwa wamegombana juu ya urithi tangu asubuhi. Mama mmoja mzee akasimama, akasema: "Baba alituachia nyumba. Lakini nyumba bila bantu ni matafari tu." Akaketi. Mwalimu wa sarufi angesahihisha "bantu" iwe "watu" na "matafari" iwe "matofali", na sentensi isingeongezeka nguvu hata chembe. Alichagua maneno machache, akanyamaza pale yalipokuwa yametosha, na kila aliyekuwapo akajua anaambiwa nini. Huyo ni fasaha, hata mbele ya wenye diploma.

Kiswahili kina neno jingine tamu, umbuji: ufasaha uliotiwa urembo, kama wa mtunzi wa kasala, mashairi ya sifa ya Waluba, anayewaita wazee wa ukoo mmoja mmoja kwa majina yao ya sifa. Mwenye sifa hiyo ni mbuji. Ila kwa Kiluba cha Kasai mbuji ni mbuzi, ndiye aliye katika jina la mji wa Mbuji-Mayi. Watu wa Kasai ni wengi mjini humu. Ukitaka kumsifu mmoja wao kwa neno hili, mweleze maana yake kwanza.