Chunjua ya unyayoni haina mzizi: weka wembe chini

Kitengo chetu cha ngozi kinaendelea kupokea watu wenye vidonda vya nyayo walivyojitia wenyewe kwa wembe, wakiusaka "mzizi" wa chunjua. Tuseme wazi: mzizi haupo. Vidoa vyeusi vinavyoonekana katikati ni vishipa vya damu vilivyoganda. Ukivichimba unajitoa damu bure, na virusi vya papiloma vinavyosababisha chunjua huweza kuhamia ngozi ya jirani.

Wengine wanatibu sugu, yaani ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, wakidhani ni chunjua. Angalia mistari ya ngozi: kwenye sugu inaendelea, kwenye chunjua inakatika. Sugu huuma ukiibonyeza kwa juu. Chunjua huuma zaidi ukiibana pande mbili.

Dawa ya kuanzia ni asidi ya salisiliki. Kila jioni loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, kisha ukaushe. Sugua taratibu ngozi iliyokufa kwa tupa ya kucha au jiwe la kusugulia. Kifaa hicho kiwe cha chunjua tu, kisiguse ngozi isiyo na chunjua wala mguu wa mtu mwingine. Zungushia chunjua mafuta ya mgando ili ngozi isiyo na chunjua isiungue, ndipo uweke dawa juu ya chunjua yenyewe, uiache ikauke. Endelea hivyo hadi wiki 12. Wiki, si siku! Wengi wanaotuambia dawa haifai waliiacha kabla haijafanya kazi. Ngozi ikichubuka, pumzika siku chache uanze tena.

Kugandisha chunjua kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, hufanywa na mhudumu aliyefunzwa, hurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3, na huleta maumivu na malengelenge. Ndiyo maana hatuharakishi kuwagandishia watoto chunjua. Chunjua zao nyingi huondoka zenyewe ndani ya miaka 2. Mzazi anapoambiwa asubiri, hajapuuzwa.

Kwenye bafu la watu wengi na ukingoni mwa bwawa la kuogelea, vaa ndara. Taulo usiazimane.

Mwenye kisukari, ganzi miguuni au mzunguko hafifu wa damu asijitibu hata kwa asidi hiyo. Kidonda kidogo kwake huweza kuwa kikubwa kabla hajakihisi. Na doa jeusi la unyayoni linalopanuka, kubadilika rangi au kutoa damu lenyewe lisipakwe chochote. Linaweza kuwa saratani ya ngozi, kwa hiyo daktari alione mapema.